Mashua ya Mfereji Kwenye Mlango wa Bahari: Somo la Bamvua na Maji Mafu

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nataka tusome pamoja maneno ambayo wengi wetu tumeyakariri kwa ajili ya mtihani tu: kujaa, kupwa, bamvua, maji mafu, mkondo, fungu, kupwelewa. Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato chetu maana ya bamvua, atakujibu mbio mbio, "Ni kujaa sana kwa maji ya bahari wakati wa mwezi mpevu au mwezi mwandamo." Vizuri, alama moja amepata. Lakini hebu muulize tena: yakijaa sana hivyo, mwenye mashua afurahi au aogope? Hapo darasa zima hunyamaza. Rafiki yangu mmoja anayekaa Kibera, upande wa Gatwekera, aliniambia waziwazi, "Sasa hiyo ni ya nini na huku hakuna bahari? Maji yenyewe tunanunua kwa mtungi!"

Ni kweli. Kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 500. Maji makubwa tunayoyajua sisi ni yale ya bwawa la Nairobi hapo chini ya Kibera, nalo limefunikwa na magugu maji kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani ni kiwanja cha mpira. Bwawa halijai na kupwa. Likijaa ni mvua, likipungua ni jua. Bahari haingoji mvua. Inajaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na kama dakika 50, iwe masika, iwe kiangazi.

Nitawapa mfano wa nyumbani ili tuelewane. Kila mtu anayekaa Kibera anajua soko lililo kwenye reli. Akina mama wametandaza nyanya, sukuma wiki, omena, viatu vya mitumba, vyote juu ya mataruma. Mgeni akiona atasema hawa watu wamerukwa na akili. Lakini wao wanajua saa za treni. Honi ikilia kwa mbali, vitu vinakunjwa taratibu, treni inapita, vitu vinatandazwa tena. Hakuna anayeshindana na treni kwa nguvu. Wanaishi nayo kwa saa. Basi mlango wa bahari ni reli, na maji kujaa na kupwa ndiyo treni. Tofauti ni kwamba treni hii haipigi honi, na ratiba yake imeandikwa kwenye mwezi.

Ratiba hiyo nilifundishwa na mzee mmoja anayekaa Makina, Kibera, ambaye alizaliwa Faza katika kisiwa cha Pate na kufanya kazi ya ubaharia ujanani mwake. Nilimwendea baada ya sala ya alasiri, nikamwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitika, "Marahaba binti, nasikia unatafuta bahari huku Kibera." Akaniambia niweke kalamu chini kwanza, nitaandika baadaye.

Alianza hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, kama watu wawili wanaovuta mkokoteni upande mmoja. Hiyo ndiyo bamvua: maji hupanda sana, kisha hupwa sana, na nguvu yake huzidi siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, nayo maji hupanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo ndiyo maji mafu. Tusidhani ni mafu kwa sababu hayana uhai. Yamelegea tu. Huko Mombasa siku za bamvua kubwa, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hukaribia mita 4, yaani zaidi ya urefu wa nyumba yetu ya mabati hadi paani. Siku za maji mafu tofauti hiyo inaweza kuwa mita 1 hivi.

Hesabu yenyewe ndiyo iliyonifurahisha, na nawaomba mwishike. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alasiri, na yalishajaa vilevile alfajiri, na hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Kwa hivyo kama leo mwezi ni mpevu na maji yamejaa saa kumi alasiri, siku ya tatu kutoka leo utazidisha 50 kwa 3, upate dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Maji yatajaa saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukitaka kujua ya asubuhi ya siku hiyo, rudisha nyuma saa 12 na dakika 25, upate saa kumi na mbili na dakika tano, alfajiri jua likichomoza. Ndiyo hiyo tu. Mzee alisema hesabu hii haimpi mtu dakika kamili, lakini inamjulisha asubuhi yake itakuwa ya maji au ya matope.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vyetu vya darasani havilisemi, nalo ndilo kubwa. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kupanda kwake sehemu 12, saa ya kwanza hupanda sehemu 1, saa ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme yanapanda sentimita 300. Saa ya kwanza utaona 25 tu, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Mtu aliyesimama ufuoni saa ya kwanza atasema, "Kumbe ni polepole hivi!" Saa ya tatu yatamfuata magotini. Na maji yanapopanda hivyo huwa yanakimbia kuingia ndani ya kila mto na mkanda. Yanapokupwa yanakimbia kutoka. Kukimbia huko ndiko tunakokuita mkondo. Mkondo ni mkali saa za katikati, na hutulia maji yanapojaa kabisa au kupwa kabisa, kabla hayajageuka.

Labda unauliza kwa nini nimeyafuatilia haya yote. Kaka yangu alimaliza Kidato cha Nne, akakaa miezi mingi akitafuta kibarua cha mjengo. Kila asubuhi alikuwa akisimama na vijana wenzake kule Congo, Kawangware, wakingoja mtu aje na kusema anataka watu wanne. Siku nyingine alipata, siku nyingine alirudi nyumbani saa nne na viatu safi. Basi Mjomba akapiga simu kutoka Kipini. Mama yetu ni Mpokomo, alizaliwa kando ya mto Tana karibu na Ngao, na Mjomba ana mashua ya kubebea maembe na mchele kutoka vijiji vya mtoni, na wakati mwingine huvuka nayo hadi Lamu. Akasema anahitaji kijana mwenye nguvu na akili ya hesabu. Kaka akakubali kabla hata simu haijakatwa.

Mama ndiye aliyekataa. Kwake mto si kitu, alioga humo akiwa mdogo na mamba wanamwangalia. Lakini alisema, "Mto una ng'ambo, unaiona. Bahari ng'ambo yake iko wapi? Na hiyo mashua ya kaka yangu ni ya mfereji, tumbo lake ni kama sinia."

Hapo Mama alikuwa amesema ukweli mkubwa wa kiufundi, na ndio moyo wa somo langu.

Mfereji alioutaja ni Belezoni. Zamani mto Tana ulikuwa na mlango wake mwenyewe wa kuingia baharini, na mto Ozi, ambao ni mfupi, ulikuwa na wake huko Kipini. Mlango wa Tana ulikuwa na mafungu ya mchanga na mawimbi, na wenye mitumbwi ya nafaka walikuwa wakiuogopa. Katika karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ukachimbwa kwa mikono mfereji mwembamba wa kuunganisha Tana na Ozi, ili mitumbwi ipite ndani kwa ndani hadi Kau na Kipini bila kukutana na mawimbi ya mlango ule. Ulikuwa na faida kiasi kwamba mwaka 1889 Witu na ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ziligombana juu ya ushuru wake. Lakini maji hayana adabu ya mipaka. Mafuriko yaliupanua mfereji, mto wenyewe ukaupenda, na mwishowe Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, ukahamia humo. Leo maji ya Tana yanatokea Kipini. Watu walichimba njia ya mtumbwi, mto ukaigeuza kuwa njia yake!

Kwa hivyo mashua ya Mjomba ni mtoto wa mfereji. Imeundwa kwa maji membamba na haba. Chini ni bapa, haina mkuku mrefu, na mbavu zake ni fupi ili iwe rahisi kupakia gunia kutoka ukingoni. Penye kina kidogo unaisukuma kwa pondo. Huko ndani hakuna chombo bora zaidi. Kaa ukijua kwamba kila sifa inayoifanya iwe nzuri mtoni inaifanya iwe mbaya baharini. Kwa kuwa haina mkuku, upepo wa ubavuni unaisukuma kando kama kikaratasi. Kwa kuwa mbavu ni fupi, wimbi linaingia bila kubisha hodi. Na kwa kuwa tumbo ni bapa, ikipanda wimbi refu haipasui maji, inayapiga: pa! pa! mpaka misumari inaanza kulegea. Ni kama mkokoteni uliojaa mabati kwenye barabara ya Naivasha pale Kawangware saa za matatu nyingi. Ndani ya vichochoro mkokoteni ni mfalme. Barabarani hauna breki, hauwezi kusimama katikati, na ukikosea nafasi ya kuvuka umekwisha.

Sasa hebu tuutazame mlango wa mto wenyewe. Mto unabeba matope na mchanga. Ukifika baharini unapoteza kasi, unaacha mzigo wake hapo hapo, nao unalundikana chini ya maji. Lundo hilo ndilo fungu. Ndani ya fungu kuna kina, nje ya fungu kuna kina, lakini juu ya fungu kwenyewe maji ni haba. Wimbi linalotoka bahari kuu likikanyaga hapo hukosa pa kuteremkia, likasimama na kuvunjika. Sasa ongeza kupwa. Maji ya mto pamoja na maji ya bahari yaliyoingia yanatoka kwa kasi, yanakutana uso kwa uso na mawimbi yanayoingia. Mawimbi yanabanwa, yanakuwa mafupi na wima kama kuta. Ongeza na upepo wa kusi, ambao kule Kipini unavuma kutoka baharini kuja kwenye mlango, hasa mwezi wa Juni na Julai. Vitu vitatu: fungu, kupwa na kusi. Mashua bapa ikikutwa hapo haina la kufanya. Waswahili walisema chombo cha kuzama hakina usukani, na mimi nadhani aliyesema hivyo alikuwa ametoka kuangalia mlango kama huu.

Historia ya pwani yetu inavyo visa vya vyombo vya mtoni vilivyojaribu. Mwaka 1865 Mjerumani Karl Klaus von der Decken alileta stima mbili ndogo za kupanda mto Juba, kaskazini ya Kismayu. Moja iliitwa Welf, nyingine Passepartout. Passepartout haikuona hata kijiji kimoja cha mtoni. Iliangamia pale pale kwenye fungu la mlango. Welf iliingia, ikaja kuharibika mbele kwenye mawe karibu na Bardera, na von der Decken mwenyewe akauawa huko. Mwaka 1891 Waingereza walipandisha mto Tana stima iliyoitwa Kenia, yenye gurudumu la kupiga maji nyuma, chini ya Kamanda Dundas. Mwaka uliofuata wakaipeleka Juba, nayo ilivuka fungu lile na kufika Bardera. Fungu lilikuwa lile lile, na Kenia nayo ilikuwa chombo cha mtoni.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Rufiji, Tanzania. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye mikoko, kilomita kadhaa kutoka baharini. Waingereza walikuja na meli kubwa kubwa, zikabaki nje zinazunguka kama paka nje ya tundu la panya. Zilikuwa na kina kirefu mno, haziwezi kupita mafungu. Miezi ikapita. Mwishowe wakakumbuka kwamba wanazo manowari za mtoni, Severn na Mersey, zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, zifanye kazi katika mto Amazon. Zilikuwa na urefu wa kama mita 80, lakini zilizama majini chini ya mita 2 tu. Sinia la chuma, Mama angesema.

Shida ikawa kuzifikisha. Chombo cha Amazon kitavukaje bahari? Hazikuaminika kusafiri zenyewe. Zilivutwa kwa kamba na meli nyingine kutoka Malta, zikapita Suez na Bahari ya Shamu, zikazunguka Pembe ya Afrika, zikafika Mafia mwezi wa Juni 1915. Safari ya wiki nyingi ya kuomba Mungu mawimbi yasiamke. Tarehe 6 Julai ziliingia mtoni, zikapigana, Mersey ikapigwa vibaya, zikatoka. Tarehe 11 Julai zikaingia tena karibu na adhuhuri, na safari hii Königsberg ikaisha.

Hapo nilichukua kalamu. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 12 Julai mwaka ule. Kwa hivyo tarehe 11 ilikuwa ukingoni mwa bamvua. Kwa kanuni ya mzee wa Makina, maji yalikuwa yamekupwa saa nne asubuhi au kabla kidogo, na yalikuwa yakipanda kuelekea alasiri. Kwa hivyo adhuhuri ile yalikuwa yakiingia mtoni kwa nguvu, yakiongezeka chini ya meli badala ya kupungua. Ukikwama kwenye fungu maji yakiwa yanajaa, subiri kidogo utaelea. Ukikwama yakiwa yanakupwa, umepwelewa, utakaa hapo saa nyingi, na adui anakuhesabu. Nilipomwonyesha mzee karatasi yangu alicheka, akasema, "Mwanangu, mizinga ni yao, lakini saa ni ya mwezi." Akaongeza kwamba mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, nikienda niuguse. Wanubi wa hapa Kibera nao wana habari za vita hivyo, kwani babu zao walikuwa askari wa K.A.R., ila hiyo ni makala ya mtu mwingine.

Turudi kwa Mama. Yeye hakutaka kusikia Brazil wala Malta. Yeye anakumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa, tena ndani ya kivuko chembamba ambacho ng'ambo yake inaonekana. Nilimweleza kwamba pale lililoua ni kujaza watu kupita kiasi. Akaniuliza, "Na maembe je, hayajazwi kupita kiasi?" Swali hilo nililipeleka kwa Mjomba kwa simu, neno kwa neno.

Mjomba hakukasirika. Alitaka tuwekee spika ya simu ili Mama asikie. Akasema ana masharti yake. Mashua ikiwa na mzigo huzama majini kama sentimita 80. Yeye huongeza 70 kwa ajili ya wimbi, kwa sababu wimbi likishuka huishusha mashua nalo ikagonga mchanga. Kwa hivyo hataki chini ya sentimita 150 juu ya fungu. Nikafanya hesabu palepale. Tuseme ni bamvua na yakikupwa kabisa fungu lina sentimita 30 tu. Baada ya saa ya kwanza ni 55, ya pili 105, ya tatu 180. Nikasema, "Mjomba, basi saa ya tatu unapita!" Akasema, "La. Kina kimetosha, lakini saa ya tatu na ya nne ndiyo mkondo unaingia kama watu wanaotoka mpirani. Nitapiga injini nikae pale pale, mafuta yaishe. Nangoja saa ya sita. Fungu lina zaidi ya mita 3, maji yamesimama, natoka kama mtu anayetoka mlangoni kwake." Na bamvua ikianza kupwa, hatoki hata kama mnunuzi wa Lamu anapiga simu mara kumi. Anarudi ndani, anafunga kamba kwenye mikoko, maembe yaoze yakitaka. Mwezi wa Juni na Julai kusi ikikaza, mashua haivuki kabisa, inafanya kazi ya mtoni tu.

Sasa linganisha na jibu letu la darasani. Bamvua inampa fungu lenye kina kirefu, hiyo ni raha. Bamvua hiyo hiyo inampa mkondo mkali kuliko siku zote, hiyo ni hofu. Maji mafu yanampa mkondo mpole, lakini huenda kina kisitoshe hata maji yakijaa. Kwa hivyo nahodha wa mashua bapa hapendi bamvua yenyewe wala maji mafu yenyewe. Mara nyingi hupenda siku za katikati, na hupenda saa yake ndogo maji yanaposimama. Ndiyo maana lugha yetu haikutosheka na neno moja la "maji mengi". Kila neno lilikuwa linamwambia mtu atoke au akae.

Kaka aliondoka. Mama alimfungia chapati sita na hakumsindikiza hadi kwenye basi. Mimi nilimpa daftari lenye hesabu ya miezi mitatu, kila siku na saa yake ya kujaa, na ile ya bamvua nimeipigia mstari mwekundu. Baada ya wiki mbili alinitumia ujumbe. Alisema daftari linalingana na bahari, lakini kuna jambo la mto. Mvua ikinyesha huko juu, Tana inakuja na maji mengi mekundu, na hata bahari ikianza kujaa, pale mlangoni maji ya juu yanaendelea kutoka nje kwa muda. Ukitazama ufuoni maji yanapanda, ukitazama katikati ya mto majani bado yanakwenda baharini. Aliandika, "Mto unachelewa darasani." Mjomba hutupa kifuu cha nazi majini na kukitazama. Kikisimama, ndipo anapowasha injini. Tangu siku hiyo nimeongeza safu ya pili katika daftari, tupu, na Kaka ananiletea dakika za kifuu ili niziandike. Kufikia sasa zinatofautiana sana kati ya siku za mvua na siku za ukavu, na bado naendelea kukusanya. Mama naye ameanza kuniuliza jioni, akikoroga uji, "Leo kwao maji ni saa ngapi?"

Kabla sijaweka kalamu, maneno mawili ambayo yanaweza kukusaidia katika insha. Rubani, ambaye sisi tunamjua wa ndege, asili yake ni mtu wa kuongoza meli kuingia bandarini kwa kuwa anayajua mafungu na mikondo ya mahali hapo. Na bildi ni uzi wenye risasi mwishoni, wa kupimia kina. Mjomba hana bildi, ana pondo lililochongwa alama kwa kisu.

Zoezi. Mwezi umeandama Jumatatu na maji yamejaa saa kumi alasiri. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo maji yanapanda sentimita 120 tu, na yakiwa yamekupwa fungu lina sentimita 80. Mjomba ana masharti yake yale yale ya sentimita 150, na hataki kuvuka gizani. Tafuta saa ya maji kujaa asubuhi ya Jumamosi. Kisha useme: mzigo umechelewa, ni saa mbili tangu maji yaanze kupwa, upepo unatoka baharini, na ukipima fungu unaona kina bado kinatosha. Avuke au asivuke, na kwa nini? Majibu yapelekwe kwa Katibu wa Chama cha Kiswahili, yakiwa na jina na kidato chako, na hesabu ionyeshwe.